Plagi iliyoyeyuka na hesabu ya ampea 2

Jumapili hii naomba tuingie jikoni pamoja, lakini si kwa upishi. Tunaingia na kalamu na daftari.

Nimepokea barua ya kijana wa shule ya upili anayeishi na wazazi wake Mwihoko, kule Ruiru, ukishaiacha Githurai 45 nyuma yako. Jina lake nitalisitiri, kwa maana barua yenyewe inamgusa babake, na adabu ni adabu. Anasema wanaishi katika ghorofa ya tatu, na sebuleni mna soketi moja tu. Kwenye soketi hiyo wamechomeka ekstensheni yenye matundu manne. Alfajiri moja ya Jumatatu mama alikuwa akichemsha maji kwa birika la stima, dada akipiga pasi sare ya shule, na uji wa mtoto ulikuwa kwenye jiko la koili. Kabla chai haijaiva, harufu ya plastiki inayoungua ilijaa nyumba nzima. Kuangalia, plagi ya ekstensheni ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kulainika kama nta. Na fyuzi iliyo ndani yake haikuwa imekatika!

Baba alisema, "Stima ya huku ni dhaifu, ndiyo inayounguza vitu." Mtunza ploti akasema hapana, ekstensheni ndiyo feki. Naye kijana wetu, kwa kuwa anasoma Fizikia, alichukua daftari, akapiga hesabu, akawaonyesha kwamba mkondo uliopita ulikuwa ampea 2 tu, ilhali ekstensheni imeandikwa ampea 13. Sasa mama amenunua ekstensheni nyingine. Anataka kurudisha vyombo vyote vitatu palepale, ila amekubali kungoja jibu la ukurasa huu.

Basi jibu langu lije mapema: mama, usichomeke vyote vitatu. Baba alikosea. Mtunza ploti huenda alipata nusu ya ukweli. Lakini kosa la kijana ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu lilikuja limevaa suti ya hesabu. Hebu tulivue suti hiyo polepole.

TANGI LA JUU YA PAA

Ukisimama barabarani Mwihoko ukainua macho, utaona matangi ya maji juu ya paa za majumba ya kupangisha. Tangi huwekwa juu ili maji yapate msukumo wa kushuka. Kadiri tangi linavyoinuliwa, ndivyo maji yanavyotoka kwa kasi bombani. Msukumo huo katika stima ndio tunaouita volti. Nyumbani kwetu Kenya kiwango kinachokusudiwa ni volti 240.

Sasa fungua bomba na kuweka ndoo chini. Maji yanayoingia ndooni kila dakika ndiyo mfano wa mkondo wa stima, nao hupimwa kwa ampea. Na je, bomba likiwa jembamba, au likiwa na kutu ndani? Maji yatapita kidogo tu, hata kama tangi liko juu sana. Kule kuupinga mkondo usipite upendavyo ndiko kunakoitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu.

Majina haya yote ni majina ya watu. Volta alikuwa Mwitaliano, Ampère Mfaransa, Watt Mskoti, na Georg Simon Ohm Mjerumani. Huyu Ohm alikuwa mwana wa fundi wa makufuli, naye akawa mwalimu wa shule. Mwaka wa 1827 alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano wa msukumo, mkondo na ukinzani. Wakubwa wa elimu nchini mwake walikipokea kwa ubaridi, naye akaiacha kazi yake ya ualimu. Haki yake ilichelewa, lakini ilifika: mwaka wa 1841 chama cha wanasayansi cha Royal Society cha London kilimtunuku nishani ya Copley. Kwa hivyo wewe mwanafunzi uliyepigwa mstari mwekundu daftarini, usikate tamaa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukitaka ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Ukitaka nguvu, yaani kazi ambayo chombo hufanya kila sekunde, zidisha volti kwa ampea. Jibu ni wati. Basi ukiijua nguvu na unatafuta mkondo, gawanya wati kwa volti. Wanafunzi wanazijua kwa herufi: R = V ÷ I, P = V × I, na I = P ÷ V. Hesabu yenyewe haizidi ile ya kurudisha chenji dukani.

KIBANDIKO CHA NYUMA

Huhitaji mashine ya kupimia. Geuza birika lako chini, au tazama nyuma ya pasi, utaona kibandiko au maandishi madogo yanayotaja volti na wati. Kijana wa Mwihoko alifanya hivyo vizuri kabisa. Birika liliandikwa wati 1800, pasi wati 1200, na jiko la koili wati 1500. Tuhesabu naye.

Birika: 1800 kugawanya kwa 240 ni ampea 7.5. Ukinzani wake ni 240 kugawanya kwa 7.5, yaani omu 32.

Pasi: 1200 kugawanya kwa 240 ni ampea 5. Ukinzani ni omu 48.

Koili: 1500 kugawanya kwa 240 ni ampea 6.25. Ukinzani ni omu 38.4.

Hebu tua hapo kidogo. Umeona kwamba chombo chenye nguvu zaidi ndicho chenye ukinzani mdogo zaidi? Wengi hudhani kinyume. Birika linachemsha haraka kwa sababu linauachia mkondo mwingi upite.

Mpaka hapa kijana anastahili alama zote. Sasa tazama alipoteleza.

KOSA LA DAFTARI

Alijumlisha omu zote tatu: 32 na 48 na 38.4, akapata 118.4. Kisha akagawanya 240 kwa 118.4, akapata ampea 2 na ushei. Akafunga daftari na kutangaza kwamba hakuna hatari.

Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama vyombo vingekuwa vimefungwa kwa mfululizo, kama mabehewa ya garimoshi, mkondo ukitoka kwenye birika uingie kwenye pasi, ukitoka kwenye pasi uingie kwenye koili. Lakini je, nyumbani mambo huwa hivyo? Ukizima pasi, birika hunyamaza? La hasha! Birika huendelea kuchemka kana kwamba hakuna lililotokea. Hiyo ndiyo dalili kwamba kila chombo kina njia yake, na kila kimoja kinapata volti zote 240. Vimefungwa sambamba.

Rudi kwenye tangi letu. Ukifungua bomba la jikoni, kisha la bafuni, kisha la kufulia nguo, je, maji yanayotoka tangini yanapungua au yanaongezeka? Yanaongezeka, na bomba kuu linaloshuka kutoka paani ndilo linaloyabeba yote. Vivyo hivyo, kila chombo unachochomeka kwenye ekstensheni ni bomba jingine lililofunguliwa. Kwa hivyo kinachojumlishwa ni ampea: 7.5 na 5 na 6.25. Jibu ni ampea 18.75.

Ukitaka kujua ukinzani wa vyombo vyote vitatu vikiwa pamoja, gawanya 240 kwa 18.75. Utapata omu 12.8, ambazo ni chache kuliko za chombo chochote kimoja. Kadiri unavyochomeka vyombo, ndivyo ukinzani wa jumla unavyoshuka na mkondo unavyopanda. Tafadhali, mwanafunzi, sentensi hiyo iandike kwenye jalada la daftari.

Na mama, ukipenda njia ya mkato, achana na omu. Jumlisha wati zilizoandikwa kwenye vibandiko: 1800 na 1200 na 1500 ni 4500. Ekstensheni ya ampea 13 inaweza kubeba 13 mara 240, yaani wati 3120 basi. Wewe ulikuwa umeibebesha 4500. Hata punda wa Githurai angegoma.

MBONA WAYA UPATE JOTO?

Huenda utauliza: ikiwa mkondo unakwenda kwenye birika kuchemsha maji, kwa nini plagi iungue? Ni kwa sababu hata waya una ukinzani wake, ingawa ni mdogo. Popote mkondo unapopingwa, joto huzaliwa. Joto hilo hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu za waya. Maana yake ni kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa.

Tuchukue mfano wa waya mwembamba wa ekstensheni wenye ukinzani wa nusu omu hivi, tuseme omu 0.4. Pasi ikiwa peke yake, ampea 5 mara 5 mara 0.4 ni wati 10 za joto zilizotapakaa kwenye waya mzima. Hutazihisi. Lakini kwa ampea 18.75, joto linafika wati 140. Hiyo ni zaidi ya globu mbili za zamani za wati 60, zimefichwa ndani ya waya ambao pengine umepitishwa chini ya zulia au nyuma ya kochi. Na kama mguu wa plagi umelegea ndani ya soketi, ukinzani hukusanyika mahali pale pamoja, na joto vilevile. Ndiyo sababu plagi huungua kabla ya waya.

Hapa ndipo mtunza ploti alipata nusu ya ukweli wake. Ekstensheni yenye waya mwembamba kuliko inavyodai, au yenye vyuma vilivyolegea, huungua mapema. Lakini hata ile nzuri kabisa haikutengenezwa kwa ampea 18.75.

FYUZI ILIKUWA WAPI?

Hili ndilo swali lililonipendeza zaidi katika barua. Watu wengi huamini kwamba fyuzi ya ampea 13 hukatika mara tu mkondo unapofika 14. Si hivyo. Fyuzi hizi za plagi zetu za miguu mitatu zimetengenezwa ziweze kustahimili hadi mara 1.6 ya kiwango chao kwa nusu saa bila kukatika. Zidisha 13 kwa 1.6 utapata karibu ampea 21. Mkondo wa alfajiri ile ulikuwa 18.75. Basi fyuzi ilikaa kimya, na kwa kanuni zake haikukosea. Kazi yake kubwa ni kukata mkondo unapopanda ghafla, kwa mfano nyaya mbili zikigusana. Haikuwekwa pale ili ikupigie hesabu ya vyombo. Hiyo ni kazi yako.

Kama fyuzi nzima huweza kunyamaza hivyo, fikiria yule anayeitoa na kuweka kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Huyo hana fyuzi tena. Amebaki na maombi tu. Fyuzi ya dukani ni ya bei ndogo mno kulinganisha na godoro, seuze na mtoto aliyelala juu yake. Na vyombo vidogo kama redio au taa ya mezani, vya chini ya wati 700, haviitaji fyuzi ya 13. Gawanya 700 kwa 240, utaona hazifiki ampea 3. Basi fyuzi ya 3 yatosha, na itakatika mapema hitilafu ikitokea.

NA BABA JE?

Baba alilaumu udhaifu wa stima. Ni kweli kwamba jioni, kila nyumba inapowasha vitu kwa pamoja, volti zinaweza kushuka. Tuseme zimeshuka hadi 200. Koili iliyo ndani ya birika haibadiliki sana. Ukinzani wake ni uleule, omu 32. Gawanya 200 kwa 32: ampea 6.25. Zidisha 200 kwa 6.25: wati 1250. Birika la wati 1800 sasa linafanya kazi kama la 1250. Ndiyo sababu chai ya jioni huchelewa! Lakini tazama, mkondo umepungua, haukuongezeka. Kwa vyombo vya kuchemsha na kupasha joto, stima dhaifu haiunguzi plagi, inakuchelewesha tu. Vyenye mota, kama friji, ndivyo huteseka volti zikishuka, kwa kuwa mota hung'ang'ana na kuvuta mkondo zaidi. Kwa hivyo baba asijisikie vibaya. Alikuwa na ukweli mkononi, ila aliuweka kwenye chombo kisichohusika.

MITA YAKO NI MWALIMU

Wale mnaopenda kushuhudia kwa macho, lipo jaribio la kufanya leo bila kufungua kitu chochote. Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo inayopepesa. Kando yake pameandikwa ni mipepeso mingapi inayofanya uniti moja, kwa mfano 1000 au 1600, mbele ya maandishi imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani pamoja na friji, kisha washa birika peke yake lenye maji. Mmoja ahesabu mipepeso na mwingine ashike saa. Kama mita ni ya 1000 na umepata mipepeso 30 kwa dakika, hiyo ni 1800 kwa saa, yaani uniti 1.8 kwa saa, yaani wati 1800. Birika limesema kweli. Gawanya kwa 240 upate ampea 7.5. Umepima mkondo bila kugusa waya. Katika ploti nyingi mita ziko chini kwenye sanduku moja. Hapo uwe na mwenzako wa simu, na utazame tu, usiguse.

Hesabu hiyohiyo italinda mfuko wako. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Birika la wati 1800 likichemka dakika 5 limekula uniti 0.15. Maharagwe yakikaa saa mbili kwenye koili ya wati 1500 iliyowashwa hadi mwisho yamekula uniti 3. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa siku 30; taa ya kisasa ya LED ya wati 9 hula 1.35. Chukua ujumbe wako wa tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa, upate bei ya uniti moja siku hiyo, kisha uzidishe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na tokeni nazo ni mali.

LA KUFANYA

Kwanza, katika ekstensheni moja, jumla ya wati isizidi 3000, na chombo cha kupasha joto kiwe kimoja kwa wakati mmoja. Katika nyumba ya barua yetu, birika na pasi ni wati 3000 kamili, mpakani kabisa. Birika na koili ni 3300, zimepita. Heri dada apige pasi Jumapili jioni. Ekstensheni ibaki ya simu, redio, runinga na taa. Birika lipewe soketi ya ukutani peke yake.

Pili, usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine. Matundu yanaongezeka, lakini plagi ya kwanza bado ni moja, nayo ndiyo inayobeba mzigo wote.

Tatu, hita ya kuogea. Nyingi ni za wati 5500 hivi. Gawanya kwa 240: karibu ampea 23. Hiyo haina mjadala, inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa fyuzi na swichi yake ya kujikata. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, si jirani mwenye bisibisi.

Nne, plagi au soketi ikiwa ya moto mkononi, imebadilika rangi, au inatoa harufu, zima ukutani na usiitumie tena. Usingoje fyuzi ikuambie.

Na kwa mwenye nyumba anayesoma ukurasa huu: sebule yenye soketi moja ndiyo inayomlazimisha mpangaji kununua ekstensheni. Soketi mbili zaidi ukutani, zikiungwa kwa waya ufaao, zitakulindia jengo lako kuliko kufuli la lango.

Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Kijana wangu, wewe ni tumaini la nyumba hiyo, kwa maana uliwaza kuchukua daftari wakati wengine walichukua lawama. Umekosea hatua moja tu. Ifute, jumlisha ampea, kisha umsomee mama jibu kabla hajaifungua ile ekstensheni mpya.

Zoezi la juma hili kwa wanafunzi: kasha la sauti limeandikwa wati 120, nalo linatumia volti 240. Tafuta mkondo wake na ukinzani wake. Kisha useme, likichomekwa pamoja na pasi ya wati 1200, ukinzani wa jumla utapanda au utashuka? Ukipata ampea 0.5, omu 480 na neno "utashuka", jipigie makofi.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.